Malkia Aliyechaguliwa Mtandaoni

Mkuu wa makumbusho madogo pale Moshi mjini aliona kutafiti picha za zamani kunamchosha. Akazirusha mtandaoni, akaomba wananchi waeleze wanachojua. Maelezo yaliyopata laiki nyingi aliyachapa kwa herufi kubwa na kuyabandika ukutani ili wanafunzi wajifunze. Aliuita huo ushirikishwaji wa jamii.

Nilipopeleka darasa langu huko, niliwakuta wanafunzi wangu wakinakili maneno yaliyo chini ya picha ya msichana aliyejitwika majani: "Malkia wa Wachaga akienda kutambika mlimani." Mwandishi wa maneno hayo alikuwa kijana anayeuza safari kwa watalii. Msichana alikuwa mama yangu, na nakala ya picha hiyo imetundikwa sebuleni kwetu, Shirimatunda.

"Kule mtandaoni niliandika ukweli," nilimwambia mkuu.

"Niliuona, mwalimu. Ulipata laiki mbili. Wengi wanasema malkia."

"Kwa hiyo mama yangu anapigiwa kura?"

Alitabasamu kama anayemvumilia mshamba.

Wiki iliyofuata nilimleta mama mwenyewe, nesi mstaafu, amevaa gauni lake la kanisani.

"Shikamoo mama," mkuu alisema.

"Marahaba. Huyo ni mimi. Nilikuwa natoka kukata majani ya ng'ombe, mzungu mmoja akanipiga picha bila kuniomba. Andika hivyo."

Hakuandika. Alimzungushia mgolole mabegani, akatoa simu, akamwomba atazame mlimani kwa huzuni. Mama aliuvua mgolole, akaukunja, akamrudishia.

"Baba, mlima uko nyuma yangu."

Video ilirushwa hivyo hivyo. Wengine waliandika kwamba bibi amekodiwa, wengine kwamba damu ya kifalme haijifichi. Hawa wa pili walishinda, na maneno yao yakabandikwa ukutani.

Mama alicheka. Mimi sikuweza. Jumamosi niliwakaribisha wanafunzi nyumbani, wakakaa uani, wakamuuliza mama walichotaka. Msichana mmoja alimuuliza kama alimkasirikia yule mzungu.

"Niliona aibu. Gauni lilikuwa limechanika kwapani, ndiyo maana nimebana mkono. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Wakaenda sebuleni kuutazama mkono huo, kisha wakakata maneno ya malkia kwenye madaftari yao.

Mkuu, nasikia, siku hizi anaalikwa Arusha kuwafundisha wenzake namna ya kuisikiliza jamii.