Gari la Mabomba

Ofisini walimwita Mama Funguo, na jina hilo alilipata kwa haki. Mawakili wengine wa serikali wakishapata amri ya kuzuia mali ya mtuhumiwa, huwaachia askari kazi ya kwenda kuichukua. Yeye huenda mwenyewe, mkoba begani, husimama mlangoni pa mwenye jumba, hunyoosha kiganja na kusema, "Funguo, tafadhali." Basi. Hagombi wala hahubiri. Wenyewe ndio huanza: gari ni la mke wangu, nyumba ni ya shemeji, mimi natunza tu. Tangu aanze kazi hajakutana na mwizi mwenye mali. Wote ni watunzaji.

Kesi iliyomchafua roho kuliko zote ilikuwa ya msimamizi wa mradi wa maji. Bwana huyo alipewa fedha za kupeleka mabomba kwenye mtaa wa mlimani, akanunua gari kubwa jeupe lenye viti vya ngozi. Wanawake wa kule juu wanapanda na ndoo kichwani hadi leo. Mama Funguo alilikamata gari, likawekwa kwenye uwanja wa vielelezo nyuma ya ofisi, jirani na mahakama, kusubiri hukumu. Mahakama ikilitaifisha litauzwa, na fedha zitarudi kwenye mabomba. Hivyo ndivyo alivyomwahidi shahidi wake wa kwanza, bibi mmoja wa mlimani ambaye ndoo zilishamharibu kiuno.

Asubuhi moja bibi huyo alimngoja kwenye ngazi za mahakama.

"Mwanangu, lile gari mmeshaliuza?"

"Bado, bibi. Liko uani kwetu, limefungwa."

"Haya. Basi lina pacha. Jumamosi nimeliona limebeba bi harusi, limepambwa riboni. Hata ule mkwaruzo wa mlangoni upo."

Mama Funguo alikwenda moja kwa moja kwa mtunza vielelezo, akamkuta anakunywa chai. Mtunza vielelezo aliinamia kikombe chake.

"Linapashwa moto, wakili."

Utaratibu huo upo, na ni mzuri. Magari yaliyokamatwa huwashwa mara moja kwa wiki ili betri zisife. Yananguruma kidogo, yanazimwa. Ila mkuu wa kitengo chao aliona kidogo hakitoshi. Alianza kulipasha moto hadi getini, baadaye hadi sokoni, kisha akawa analipasha moto kila asubuhi kupeleka watoto shuleni. Sasa amelipasha moto hadi kwenye harusi ya mpwa wake. Ofisi nzima ilijua na ofisi nzima ikafyata mkia. Watu wamesomea sheria, wamevaa tai, halafu gari la mabomba ya wanawake wa watu linapita mbele yao na wao wanampungia mkono dereva.

"Wewe mama una jazba sana," mkuu alimwambia alipomfuata ofisini, macho makavu, akiwa ameegemea kiti chake. "Gari likikaa tu linakufa. Mimi naisaidia serikali kulitunza."

Nyumbani alimsimulia mumewe, mwalimu wa hesabu, ambaye alisikiliza huku akipiga pasi sare za watoto.

"Mke wangu, huyo ndiye anayependekeza nani apandishwe cheo."

"Najua."

"Sikukatazi. Nakukumbusha tu."

Siku ya kesi, wakili wa utetezi alidai kwamba namba ya chasisi hailingani na nyaraka. Hakimu akavua miwani. "Tutoke tukalione." Wakatoka wote: hakimu, karani, mshtakiwa, na bibi nyuma yao na mkongojo wake. Uani walikuta doa la oili na majani yaliyolala.

"Sema liko gereji," mtunza vielelezo alimnong'oneza Mama Funguo.

Ingekuwa rahisi. Neno moja tu, kesi ingeahirishwa na gari lingerudi limeoshwa. Ukweli ungeweza kuupa utetezi kesi nzima, na mabomba yakaishia hapo. Alimtazama bibi, aliyekuwa anahema kwa sababu ya ule mwendo mfupi. Sauti ilipomtoka ilikuwa kubwa kuliko alivyotaka.

"Mheshimiwa, gari analo mkuu wangu wa kitengo. Analitumia, hata harusini amelipeleka."

Wakili wa utetezi nusura acheze. Kielelezo kimechezewa, alisema, kesi ifutwe.

"Namba ya chasisi haifutiki kwa kwenda harusini, wakili," hakimu alimjibu. "Gari liletwe sasa hivi."

Mkuu alilileta mwenyewe. Kipande cha riboni kilikuwa bado kinaning'inia kwenye kioo cha pembeni, na mpira wa mtoto ulikuwa kwenye kiti cha nyuma. Karani aliinama, akaisoma namba kwa sauti, na ikalingana na nyaraka tarakimu kwa tarakimu. Hakimu akasema hoja ya utetezi imekufa na kesi inaendelea. Mshtakiwa alimtazama mkuu akishuka garini, akacheka kwa mara ya kwanza tangu akamatwe.

"Kumbe tuko wengi," alisema.

"Mheshimiwa," mkuu alianza, "mimi nilikuwa nalitunza tu..."

Mama Funguo alikuwa ameshafika mbele yake. Alinyoosha kiganja.

"Funguo, tafadhali."

Mkuu aliingiza mkono mfukoni. Ufunguo wa gari alikuwa ameutia kwenye pete moja na funguo za nyumba yake, akawa anahangaika kuuchomoa. Hakuna aliyemsaidia. Bibi alisogea karibu ili aone vizuri.