Msomaji wa Banda la Tumbaku

Kwetu Goweko, msimu wa kuchambua tumbaku, majirani hukusanyika bandani kwetu kupanga majani kwa madaraja, na mama yangu huwasomea hadithi. Alianza kabla sijazaliwa. Redio tunayo, lakini ikiwashwa lazima mtu aulize, "Kwani mama anaumwa?" Najivunia swali hilo kuliko vyeti vyangu vyote, wala sioni haya kulisema.

Kisha macho yake yakaanza kuchoka. Alisogeza kitabu mbali, akakirudisha karibu, mwisho akawa anaruka mistari. Miwani haikufua dafu. Kaka yangu anayeishi Dar akatuma kishikwambi kikubwa chenye kila kitu: vitabu, mpira, nyimbo, simu ya video. Mama alikipokea kwa mikono miwili, akacheka. "Babu zake walibeba mizigo kupeleka pwani. Yeye anatuletea kutoka pwani."

Asubuhi ya kwanza alisoma kurasa chache tu. Jua lilipopenya bandani, kioo kikameta, akawa anauona uso wake badala ya maneno. Akajifunika khanga, akaendelea. Mara kaka akapiga, sura yake ikajaa pale palipokuwa na hadithi. "Shikamoo, mama." Nani angebaki na tumbaku? Wote waliinuka kumsalimia kwa zamu, na salamu za Kinyamwezi hazina haraka. Zilipokwisha, chaji nayo ilikuwa imekwisha.

Jioni mama aliwapa wajukuu kile kishikwambi. "Kesho washeni redio," akasema. Hakulalamika hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Sisi kilichokuwa kinatuponyoka ni sauti ya mama.

Nikamnunulia kifaa cha kusomea vitabu tu. Hakipigi simu, hakiimbi, hakina hata rangi. Jirani mmoja alikigeuzageuza, akauliza kama kimefiwa. Kaka naye aliniambia nimenunua kitu cha kizamani. Nilikipakia hadithi za Kiswahili, nikakuza herufi mpaka mama aliposema basi, zinatosha.

Kesho yake alikaa mlangoni mwa banda, juani kabisa, na herufi zikabaki nyeusi kama za kitabuni. Mwanzoni sauti ilitetemeka. Halafu ikakaa sawa, na mikono ya wachambuaji ikaanza kwenda taratibu kwa sababu ya kusikiliza. Katika hadithi, mwizi wa ng'ombe alikuwa amejificha ndani ya bani la kukaushia tumbaku, mwenye ng'ombe yuko nje anakoka moto, ndipo simu ndogo ya mama ikaita. Alikuwa kaka. Banda zima likamtazama mama. Alimaliza sentensi yake kwanza, kisha akanipa simu.

"Mwambie mama yuko kazini," akasema, akafungua ukurasa mwingine.