Viluwiluwi Walipopauka

Namhimidi Mungu, aliyenivumilia ujana wangu wote hata nikaweza kuisimulia aibu hii bila kuuficha uso.

Wakati wa Wajerumani nilikuwa mwalimu wa misheni huku ufukoni mwa Nyasa, na mchungaji wetu, Mjerumani aliyependa vidudu kuliko chakula, alinipa viluwiluwi ishirini wa chura ndani ya chungu cheusi kwa masizi kilichozeekea jikoni, niandike kila asubuhi ngozi zao zikoje (nami nikajiona daktari). Aliposema atakuja kuwatazama, nikaona haya kwa yale masizi, nikawahamishia katika chungu kipya chenye rangi ya mchanga mkavu, kazi ya Mama Atupele, mfinyanzi Mkisi aliyelea wajukuu watano kwa vyungu vyake. Kesho yake viluwiluwi wote walikuwa wamepauka kama majivu.

Badala ya kungoja na kuomba hekima, nikaenda sokoni (mwalimu mzima, daftari kwapani) nikawatangazia wanawake kwamba udongo wa yule mama una sumu. Kwetu chungu hubadilishwa kwa chakula kinachokijaza, na siku ile hakuna aliyemjazia hata kimoja. Alirudi kwao na mtumbwi wa vyungu vitupu.

Jumapili akaningoja mlangoni mwa kanisa, watu wote wakitoka.

“Ndaga, mwalimu,” akanisalimu kwa upole uliotisha. “Wagonjwa wako hawajambo?”

“Bado wamepauka, mama.”

“Walete. Na kile cha masizi ukilete.”

Akahamishia nusu yao katika chungu cheusi, akaketi, na watu wakaketi, hata mchungaji, mimi nikisimama katikati kama mwizi wa ndizi. Jua lilipofika utosini, wa chungu cheusi walikuwa wamerudia weusi wao, na wenzao bado wamepauka vilevile.

“Hawa hufuata rangi ya nyumba yao,” akasema. “Kila achotaye maji mtoni anajua. Wewe, mwanangu, maji huletewa?”

Wakacheka, na mchungaji akajifanya anakohoa. Mama Atupele akateka maji ya chungu chake kwa kiganja, akanywa, akafuta midomo.

“Haya. Wajukuu wangu watakula daftari lako?”

Siku ya soko nikabeba vyungu vyake kichwani, kazi ya wanawake, nikikiri uongo wangu kwa kila mnunuzi, mpaka mtumbwi ukajaa mahindi na shingo yangu ikakataa kugeuka. Tangu hapo siisemi vibaya kazi ya mtu kabla ya kumwuliza mwenyewe.

Nawe usomaye, Bwana aulinde ulimi wako, na chakula kisipunguke nyumbani mwako.