Shafti ya Cherehani ya Dada

Mkaguzi wa mizani alistaafu kazi, lakini hakustaafu kukagua. Muuza sukari akimwona anakuja, mkono ulijitoa wenyewe kwenye sahani ya mizani. Mtaa ulimwita Sawasawa, naye jina hilo alilivaa kama koti jipya.

Stoo ya mkaa aliigeuza karakana: meza, dirisha moja, na juu ya meza mashine ndogo ya kukereza chuma, burudani ya uzee wake. Kilichobaki kilikuwa kuchagua koleti, vile vikombe vya chuma vyenye mipasuko vinavyokibana chuma pande zote kizunguke bila kuyumba. Aina zilikuwa mbili. Moja hukazwa kwa nati kubwa mbele ya mashine, na chuma kirefu hupenya hadi nyuma. Nyingine huvutwa na boliti ndefu ndani ya tundu la mashine: nadhifu, haitokezi, lakini tundu lote limezibwa.

"Sasa chuma kirefu kitapita wapi?" aliuliza dada yake mkubwa, mshonaji, akitazama picha ya ile ya pili.

"Dada, wewe shona. Ile ya kwanza nati yake imetokeza kama kitovu cha mtoto!"

"Kitovu hakimzuii mtoto kula, mdogo wangu."

Akanunua ile nadhifu.

Cherehani ya dada ikaja kulegea. Shafti yake, chuma kinachozunguka ndani, ndefu kama mkono, ilikuwa imelika ncha. Fundi cherehani, ambaye riziki yake yote ilikuwa pale kibarazani kwa dada, aliichomoa akaileta ikerezwe. Kwenye koleti haikuingia. Kurudi dukani kungekuwa kukiri kwamba dada alisema kweli. Basi Sawasawa akaibana kwa kibano cha zamani cha meno matatu, kilichochakaa upande mmoja. Ncha iliyumba. Aliiona, kwa macho yaleyale yaliyowaumbua wauzaji kwa upungufu wa punje. Akakereza hivyo hivyo.

Fundi aliporudisha shafti mahali pake, cherehani ikagonga kama mlango unaopigwa na upepo, ikavunja sindano, ikararua gauni la mteja.

Dada hakumshuku ndugu yake, aliyesimama pale pale, hata chembe. Alimgeukia fundi mbele ya watu: "Umeifunga kwa miguu? Ndugu yangu hakosei! Beba mkoba wako, na kibarazani kwangu usikanyage tena."

"Mama, nimeifunga kama ilivyokuja," fundi alisema polepole, akiokota bisibisi. Hakumtazama Sawasawa, na huko kutotazamwa kulimchoma kuliko tusi.

Wako wengi wa namna hii: wakali kwa kilo ya mwenzao, wapole kwa kosa lao. Anayelinda heshima yake kwa mkate wa mwingine ni mwizi, hata akiwa na mikono safi.

Fundi alikuwa keshashuka ngazi. Uso ukiwaka, Sawasawa alimfuata akaushika mkoba.

"Rudi, ndugu yangu. Dada, shafti nimeiharibu mimi. Niliona inayumba, nikanyamaza."

Dada hakucheka wala hakukitaja kitovu. Alimvutia fundi kigoda, akamwomba radhi mbele ya wale wale waliosikia matusi. Kisha akamtupia ndugu yake tochi. "Mmulikie aichomoe."

Sawasawa akapiga magoti sakafuni. Muuza sukari akapita, akachungulia.

"Mkaguzi, leo unakagua nini?"

Sawasawa alisogeza mwanga karibu na ile ncha iliyopinda, kila mtu aione.