Wageni Walilala kwa Bindang

Don Fausto wa kamati ya mashindano alipita mbele ya nyumba ya Mikue bila kugeuza shingo. Alivaa kofia mpya na kitambulisho kinachoning'inia kifuani, na nyuma yake walifuata mafundi wawili wenye ndoo za rangi. Mikue aliacha mihogo aliyokuwa akimenya, akajifuta mikono, akasimama mlangoni akingoja. Mtu anayetafuta vyumba vya wageni katika boma la Esono, mumewe, huanza kwa mke mkubwa. Ndivyo ilivyokuwa tangu mama mkwe wake yu hai.

Don Fausto akaenda moja kwa moja kwa Bindang, mke mdogo.

Sababu Mikue aliijua, na kuijua hakukumpoza. Nyumba ya Bindang ilikuwa ya saruji, inatazama lami, ina bafu la vigae. Yake ilikuwa ya mbao, imejificha nyuma, inatazama migomba. Guinea ya Ikweta ilikuwa imebebeshwa mashindano ya mpira ya Afrika ghafla, mwenyeji wa kwanza alipojitoa kwa hofu ya ebola, na mji wao mdogo kwenye kona ya mipaka mitatu ukaambiwa upokee timu nne. Hoteli ilikuwa bado na mashimo badala ya madirisha. Uwanjani walikuwa wakifunga viti huku barabara ya kwendea ikimwagiwa lami. Basi watu wa kamati walizunguka wakitafuta vitanda, na rangi waliyokuja nayo ilitosha kuta zinazoonekana barabarani tu.

"Don Fausto," Mikue aliita, "huku nyuma pia kunakaa watu."

"Najua, mama, najua. Ila kamera hazifiki huko."

Mafundi wakacheka. Mikue naye alicheka, maana kununa mbele ya watu ni kumpa Bindang zawadi. Lakini mihogo ile aliimenya mpaka karibu aimalize yote kwenye maganda.

Wageni walikuwa Watunisia wawili, mafundi wa televisheni, Hedi mwenye upara na Munsif mwenye miwani. Walizungumza Kifaransa, na bomani hakuna aliyekijua vizuri kuliko Avomo, binti wa Mikue, aliyejifunzia kwenye soko la mpakani akiuza ndizi. Bindang alikuja kumwomba Mikue kwa heshima zote.

"Dada, niazime mtoto, awe ananitafsiria. Wageni wakiondoka nakurudishia."

"Mtoto si ungo wa kuazimana," Mikue alijibu. Kisha, kwa kuwa Esono alikuwa anasikia, akaongeza, "Haya, mchukue."

Tangu siku hiyo Mikue akawa mtu wa kuchungulia. Ukuta wa jikoni ulikuwa na upenyo kati ya mbao mbili, na upenyo huo aliujua sasa kuliko kioo chake. Mabomba yalikuwa makavu, watu wakisema maji yote yananyweshwa nyasi za uwanja, na Avomo alishuka chemchemi akapanda na ndoo kichwani kwa ajili ya bafu la Bindang. Akashuka tena. Nyumbani kwao ndoo moja ilikuwa inamuuma mgongo! Jioni alirudi kwa mama yake amesukwa nywele mtindo mpya, ananukia sabuni ngeni.

"Nani kakusuka?"

"Mama mdogo. Amesema uso wangu unataka nywele za juu."

"Uso wako nimeuzaa mimi. Sikuwahi kusikia unataka kitu."

Avomo alicheka, akala vijiko viwili, akasema ameshiba. Mikue alitazama sahani ile. Mtoto aliyeshiba amekula mahali.

Lakini hasa kilichomnyima usingizi ni meza. Bindang alikuwa amewawekea wageni meza barazani kwake, na hapo ndipo walipokula. Kwa Wafang, kabila lao, wanaume na wageni wao hula kwenye abaa, lile banda lililo wazi katikati ya boma. Kila mke hupeleka sufuria yake, na mgeni hufunuliwa kwanza ya mke mkubwa. Sufuria ikirudi tupu, mwenyewe hutembea kichwa juu wiki nzima. Ikirudi imejaa, hata kuku wa jirani hujua. Sasa wageni walikuwa wanakula kwa Bindang kana kwamba boma lina jiko moja. Akiacha hivyo, Mikue alijiambia, kesho atakuwa mjane na mumewe angali hai.

Alimfuata Esono.

"Mpira utakwisha, watu wataondoka," Esono alisema. "Vumilia, mama Avomo. Nchi nzima inavumilia."

"Nchi ina wake wangapi?"

Esono alilipeleka shauri kwa kaka yake, mzee Mba, msemaji wa abaa. Mzee Mba aliwaita wake wote wawili, akasikiliza, akasugua magoti, akasema, "Mgeni ni wa boma. Si wa kitanda alicholalia. Jumapili watakula hapa, na sufuria ya Mikue itafunuliwa kwanza."

Bindang aliinamisha kichwa. "Vyema, baba." Sauti yake haikuwa na mkwaruzo wowote, na hilo nalo lilimuudhi Mikue.

Kwa Jumapili hiyo Mikue alitaka nungunungu. Mpaka ulikuwa umefungwa, vitunguu vilikuwa adimu, lakini porini hakuna askari wa kufunga mlango. Kaka yake alitega mitego, akamletea mmoja mnono. Mikue alimchoma miiba, akamkatakata, akamweka kwenye karanga za shamba lake mwenyewe. Mvuke ulipoanza kupanda, Avomo aliingia jikoni.

"Mama, hao wapikie samaki."

"Samaki?"

"Hawali nyama hizi. Lazima mnyama achinjwe kwa kisu, atajiwe jina la Mungu. Huyo amekufa mtegoni."

Mikue aliweka mwiko chini. Samaki ni chakula cha siku ambayo mtego umerudi mtupu. Kumwekea mgeni wa heshima samaki ni kumwambia apite njia.

"Nani kakutuma?"

Avomo akainama kusogeza kuni.

"Nakuuliza, nani kakutuma?"

"Mama mdogo."

"Nilijua! Mimi nipike samaki, yeye alete nyama, abaa nzima inicheke. Na wewe unambebea maneno kama unavyombebea maji."

"Mama, sivyo."

"Nenda. Nenda huko unakosukwa."

Avomo alienda.

Mchana sufuria zilipelekwa abaa, ya Mikue mbele. Yeye alibaki jikoni, jicho kwenye upenyo. Alimwona mzee Mba akifunua kifuniko na wazee wakivuta harufu kwa pua zote. Alimwona Hedi akiuliza jambo, Avomo akijibu kwa sauti ya chini. Hedi akamtazama Munsif. Wakaweka mikono kifuani wote wawili, wakainama, wakatabasamu kwa huzuni ya mtu anayekataa. Walichukua muhogo mkavu. Kisha sufuria ya Bindang ikafunuliwa, samaki kwenye nyanya, na Watunisia wakakunja mikono ya mashati.

Nungunungu hakubaki, wazee walihakikisha. Mzee Mba alilamba hadi viungo vya vidole, na sufuria ikarudi tupu. Lakini Mikue alijua nani ameimaliza, na majirani walijua.

"Mikue," mke wa jirani aliita kutoka upande wa pili wa ua, "leo nungu wako amewachoma wageni?"

"Amewashinda meno," Mikue alijibu, akaingia ndani, akafunga mlango jua likiwa utosini.

Kesho yake asubuhi mlango ulibishwa. Alikuwa Bindang, ameshika beseni la samaki wa mtoni, bado wanapanua mashavu.

"Dada, leo pika wewe. Sufuria iende kwa jina lako."

"Umekuja kunihurumia."

"Nimekuja na samaki."

Mikue alimtazama. Aliitafuta dharau kwenye uso ule, kwenye macho, pembeni mwa mdomo, akaikosa, na kuikosa kulimchoma zaidi. Afadhali angecheka. Mtu anayekucheka unajua pa kumshika.

"Wewe umewajulia wapi Waislamu?"

"Kwetu ng'ambo ya mpaka, sokoni tumekaa na Wahausa. Baba alikuwa akifuga mbuzi wa kuwauzia. Nilimtuma Avomo aje akwambie, nikaogopa kuja mwenyewe. Ungenitupia mwiko."

"Ningekutupia sufuria."

Bindang akacheka kidogo. Mikue hakucheka, lakini alichukua beseni. Jina la sufuria lilikuwa kubwa kuliko hasira yake.

Kulikuwa na mechi siku hiyo, wageni walitakiwa uwanjani mapema kufunga nyaya zao, na kuni za Mikue zilikuwa zimelowa. Ikabidi wapikie kwa Bindang, kwenye jiko la gesi. Ndiyo mara ya kwanza Mikue kukanyaga jiko lile tangu lijengwe. Alisimama katikati hajui aweke wapi mikono. Bindang alimwelekeza: nyanya kwanza, limao mwisho, usikoroge sana atavunjika. Mikue alifuata, meno yameumana.

"Chumvi," alisema.

Avomo, aliyekuwa akiosha sahani pembeni, alinyoosha mkono juu ya kabati bila kutazama, akaishusha. Akafungua droo ya pili, akatoa kijiko. Akachukua kitambaa nyuma ya mlango, akajifuta. Hakuuliza kitu kiko wapi hata mara moja. Mikue aliiona ile mikono ikijua njia katika jiko la mwanamke mwingine, na macho yakamwasha. Kitunguu kilikuwa kimeshakatwa zamani.

Sufuria ikaenda abaa, ya kwanza, kwa jina lake. Safari hii hakukuwa na upenyo wa kuchungulia. Alikaa kwenye kigoda cha Bindang akasikiliza. Kwanza mlio wa kifuniko. Kisha sauti ya mzee Mba, kisha vicheko, kisha neno la Kifaransa lililorudiwa mara mbili.

Avomo aliingia mbio na sufuria mkononi. Ilikuwa tupu, imepanguswa kwa mkate hadi inang'aa.

"Wamemaliza! Munsif amegombania kichwa cha samaki na mzee Mba!"

Alimpa mama yake sufuria, kama desturi inavyotaka. Halafu akaenda kuketi kwenye benchi ubavuni mwa Bindang, akakunja miguu, akaanza kumweleza jinsi mzee Mba alivyoshika mkia na Mtunisia akashika kichwa, na Bindang akacheka mpaka akamwangukia begani.

Mikue alibaki na sufuria. Ndiyo hii aliyoipigania, ilikuwa na joto bado. Aliigeuza, akaitazama ndani, akaiweka mezani polepole isipige kelele.

"Avomo," alisema. "Na mimi nisimulie."

Msichana aligeuka katikati ya neno, akamtazama. Kisha akajisogeza kwenye benchi, akapapasa mbao kwa kiganja.

"Njoo basi, mama. Naanza upya."