Wetu Hufa Kwanza

Njagi wa Runyenjes anakula kwa mdomo wake. Watu husema hivyo kwa kumcheka, naye hulichukua kama sifa, maana wako wengi wenye maneno mengi kuliko yeye na wanalala njaa. Kazi yake ni kutafsiri filamu. Ana ukumbi wa mabati nyuma ya soko, mabenchi ya mbao, televisheni kubwa ya kutosha, spika mbili na maikrofoni iliyofungwafungwa kwa utepe mweusi. Filamu ikianza, hupunguza sauti ya Kiingereza hadi iwe mnong'ono, halafu anasema yote yeye mwenyewe: jambazi, polisi, bibi arusi, hata mbwa. Husema kwa Kiswahili, akinogewa anahamia Kiembu, na jambo likiwa zito kabisa anavichanganya vyote na kuongeza Kiingereza cha shule.

Ujuzi huo aliupata Kanja, nyumbani kwa cucu, bibi yake aliyemlea. Cucu alipenda tamthilia za Meksiko kupita kiasi, lakini Kiswahili alikisikia kwa taabu, sembuse Kiingereza kilichobandikwa juu ya midomo ya watu wanaosema Kihispania. Njagi, akiwa bado shule ya msingi, ndiye aliyepewa kazi ya kumweleza. Na bibi huyo alikuwa na maswali. Mbona katika jumba lile wote ni weupe, na yule mmoja mwenye weusi kidogo ndiye anayebeba sinia? Mbona hapendwi, hachukii mtu, halii, anabeba sinia tu? Njagi akatunga jibu. Akamwambia cucu kwamba yule mtumishi ndiye mwenye jumba, anawapima tu aone nani ana adabu. Cucu akaridhika, na tangu siku hiyo kila sinia ilipoingia alicheka peke yake.

Alipohamia filamu za Marekani alikuta maajabu mengine. Wameksiko wa tamthilia walikuwa na farasi, majumba na machozi mengi. Wameksiko wa filamu za Marekani walikuwa na michoro shingoni na mfuko wa unga wa kulevya. Ni nini huwapata watu hao wakivuka mpaka, Runyenjes hawajajua hadi leo. Mtu mweusi naye alikuwa na kazi moja ya uhakika, kufa mapema. Akiwa mcheshi, akiwa rafiki wa mzungu, au akitamka tu kwamba anakaribia kustaafu, ukumbi mzima ulianza kumuaga. "Wetu hufa kwanza," walisema. Baada yake alifuata Mmeksiko, na mwisho mzungu alibaki na mkwaruzo shavuni na mwanamke kifuani.

Njagi aliugeuza msiba huo kuwa mchezo. Kila mtu mweusi alipotokea kwenye skrini, alimpa jina la mtu aliyekaa ukumbini. Mwenye jina alishangiliwa alipokuwa hai, na akifa alipewa pole za mzaha wiki nzima. Vijana wa boda boda waligombania kufa. Umeksiko nao ulikuwa na mwenyewe wa kudumu, Isaack, muuza viatu ambaye watu wake wametoka Isiolo. Kisa ni nywele zake laini. Isaack alicheka pamoja na wengine. Siku moja tu, wakinywa chai, alimwambia Njagi kwamba watoto wa sokoni sasa wanamuuliza unga ameuficha kiatu gani. Njagi akacheka. Isaack naye akacheka, lakini alichelewa kidogo.

Basi mambo yakaenda hivyo hadi Kawira alipotokea. Kawira ni msichana wa Githongo, upande wa Meru, na huuza mbolea na dawa za mifugo katika duka lililopakana na ukumbi. Alikuja siku moja kulalamikia kelele, akakaa benchi la mwisho akingoja filamu iishe ili aseme yake, na ilipoisha akauliza kesho kuna nini. Sasa wanataka kuoana. Kikwazo ni baba yake, Mutembei, mkulima wa kahawa na mwenyekiti wa kamati za mazishi. Huko kwao hazikwi mtu kabla Mutembei hajapanga nani ataongea, kwa muda gani, na nani hatapewa maikrofoni hata akilia. Alipoambiwa kwamba kijana wa binti yake anafanya kazi ya kuongea juu ya filamu, alitaka aambiwe tena. Kisha akasema hatapokea mzee yeyote wa posa kutoka Embu, kwao Njagi, kabla hajaiona kazi hiyo kwa macho yake. Kawira akamwonya Njagi kwamba baba yake akisema hapana, haigeuki. Dada yake mkubwa alimleta mwalimu mzima na shahada yake, mwalimu akarudi na mbuzi wake.

Njagi alifagia ukumbi hadi vumbi likahamia mtaa wa pili. Benchi la mbele alilitandikia shuka. Wale vijana wenye midomo aliwaomba wajiheshimu kwa siku moja tu, nao wakaahidi kwa namna ya watu wasiojua neno hilo. Kilichobaki ni filamu, na hapo ndipo alipokosea. Kwa kawaida huitazama kwanza akiwa peke yake, apange maneno. Lakini umeme ulikuwa umepotea tangu jana yake, ukarudi wageni wakiwa mlangoni. Akachagua kwa kutazama picha ya juu ya kasha. Pale palikuwa na mzungu na mtu mweusi, bega kwa bega, vimo sawa, mikono wameikunja vifuani kama wenye mali. Njagi akajiambia kwamba mtu aliyechorwa mkubwa namna hii hawezi kufa ovyo.

Mutembei aliingia amevaa koti la Jumapili, akasalimia benchi kwa benchi, akakaa juu ya shuka na kuweka kofia gotini. Isaack alikuwa nyuma yake. Kawira alibaki dukani, hakuweza kustahimili kutazama.

Filamu ikaanza. Dakika chache tu, akatokea mkuu wa polisi, mweusi, suti safi, sauti nzito, askari wake wote wanasimama anapopita. Njagi akaona huyu ndiye wa kumpa mgeni wake. Jina la mkwe halitamkwi hovyo, hilo alifundishwa, kwa hiyo akalizunguka kwa heshima zote.

"Na huyu," akasema kwenye maikrofoni, "ni Mwenyekiti kutoka Githongo."

Ukumbi ukapiga makofi. Mutembei hakucheka, ila aliketi wima zaidi. Mkuu wa polisi akapiga simu huku akitabasamu, na Njagi akatafsiri kwamba Mwenyekiti anauliza kiwandani kama kahawa imekauka vizuri. Akaingia garini, na Njagi akasema anakwenda kusuluhisha ugomvi wa mipaka. Akashuka garini, akageuka kumwambia rafiki yake mzungu neno, na akapigwa risasi.

Vijana waliokuwa wakigombania kufa walitazama miguu yao. Kwa watu wa huku, kumtangaza mtu kuwa amekufa, tena mtu mzima, tena amekaa mbele yako, si mzaha wa kusamehewa kwa soda. Mdomo wa Njagi, uliozoea kumlisha, ukaanza kumtafutia njia.

Akasema Mwenyekiti amejilaza kidogo kwa uchovu wa safari. Damu ikatapakaa barabarani. Akasema hiyo ni rangi, polisi wamemwaga rangi ili kuwanasa wahalifu. Mzungu akapiga magoti, akamtoa yule marehemu funguo mfukoni, akamruka, akaondoka na gari. Njagi akasema Mwenyekiti amemtuma na gari mbele, yeye atafuata.

Mutembei akainua mkono.

"Simamisha hiyo kitu," akasema.

Njagi akasimamisha. Mkuu wa polisi akabaki kwenye skrini, amelala chali, viatu vyake vimeelekea ukumbini. Njagi akaanza kuomba msamaha, akaukoroga, akaanza upya. Mzee akamkatiza.

"Usiogope. Mimi niko hapa, hata nimekula asubuhi. Nauliza huyu. Amekufa ama hajakufa?"

"Amekufa, mzee."

"Na huyo rafiki yake amemruka akaenda. Hata hajamfunika uso." Akageuka kutazama mabenchi yote, kama anavyofanya akifungua mkutano. "Sasa niambie, kijana. Anaitwa nani?"

Njagi hakujua. Alikuwa amewatafsiri watu kama huyo miaka yote, akawacheka, akawauza kwa majina ya waendesha boda boda, na hakumjua hata mmoja wao kwa jina lake. Aliona aibu, na si aibu ya mbele ya mkwe. Iliingia ndani zaidi.

Akaomba ruhusa arudishe filamu nyuma. Akarudi hadi kwenye ile simu ya kahawa, akapandisha sauti ya Kiingereza, akaegemeza sikio na kusikiliza kama mtu anayesikiliza mtoto anayeumwa. Kisha akashika maikrofoni.

"Anaitwa Raymond," akasema. "Alikuwa haongei na kiwanda. Alikuwa anaongea na mama yake. Amemwambia, usipashe chakula sasa, ngoja nifike."

Mama mmoja muuza ndizi nyuma akasema ai, polepole. Mutembei akatikisa kichwa mara nyingi. Kisha akasimama, akaweka kofia kwenye benchi, na ukumbi mzima ukasimama bila kuambiwa. Hakusema mengi, na mtu anayejua hotuba zake angeshangaa. Alisema Raymond mtoto wa watu ametuacha akiwa kazini, kwamba kuna chakula kinamngoja, na kwamba mwenzake angalau angemfunika. Akaomba dua fupi kwa Kimeru. Vijana wa boda boda waliinamisha vichwa, mmoja wao akavua helmeti ambayo haivui hata kanisani. Ndipo akakaa na kumwambia Njagi aendelee.

Njagi aliendelea kwa uangalifu wa mtu anayebeba mayai. Haikupita muda, akatokea kijana wa Kimeksiko, nywele laini, kofia imegeuzwa nyuma, begi begani, anatembea haraka uchochoroni. Ukumbi ukageuka kumtazama Isaack kwa mazoea. Njagi akafungua mdomo, na Isaack akasema kabla yake.

"Leo hiyo begi iko na viatu."

Hakusema kwa ukali. Njagi akamtazama, akatazama skrini. Mle ndani ya begi hakuna aliyekuwa ameonyeshwa kitu, na ukweli ni kwamba Njagi hakuwa amewahi kungoja aonyeshwe.

"Huyu kijana anauza viatu," akatafsiri. "Anakwenda sokoni. Amechelewa kidogo."

Watu wakacheka, kicheko kizuri, wakamwambia Isaack apunguze bei. Gari la polisi likaingia uchochoroni. Mzungu yule yule wa funguo akashuka, akapiga kelele, kijana akageuka na begi lake, akapigwa risasi mbili. Hakuna aliyecheka. Kwa mara ya kwanza katika ukumbi ule waliona mtu akiuawa kwa sababu ya viatu. Mutembei alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akaushika mkono wa Isaack, wakakaa hivyo. Kamera haikusubiri. Begi lilibaki limefungwa.

Filamu ilikwisha kama zinavyokwisha zote, mkwaruzo shavuni na mwanamke kifuani, lakini hakuna aliyepiga makofi. Mutembei alivaa kofia, akamshika Njagi mkono, akamwambia asante kwa siku ya leo, jambo ambalo watu husema wakitoka makaburini. Kuhusu Kawira hakutamka lolote. Akapanda gari la Meru na kwenda zake. Njagi alikaa kwenye shuka la mzee, akahesabu kwamba amemuua baba mkwe, amemzika mtu asiyemjua na kumpoteza mke, vyote kwa filamu moja ambayo hakuitazama.

Jioni simu ikalia. Alikuwa Kawira, ametoka kuongea na wazazi wake kwa simu, na sauti yake haikuonyesha kama anacheka au analia.

"Umemfanya nini baba?" akauliza. "Amefika nyumbani amekataa chai. Amemwambia mama ametoka kwa matanga. Wafu wawili, mmoja wa polisi, mmoja wa viatu. Mama amekasirika mbona hakuambiwa mapema apike."

Njagi akauliza, kwa woga, kama kuna neno lingine.

"Amesema wazee wako wanaweza kuja, lakini si kabla matanga haijaisha."

Matanga yenyewe yataisha lini, Njagi akataka kujua.

"Nilimuuliza hivyo pia. Anasema hajui. Watu kama hao hajawahi kusikia wakililiwa." Kawira akaongeza: "Halafu akasema labda mpaka Jumamosi itatosha."