Mpapai Dume wa Roshanini

Maua ya mpapai dume yana harufu tamu ya kunyemelea, inayokupata ukiwa umeshajisahau. Mpaka leo nikiisikia huingiwa na wasiwasi, kama mtu aliyekumbuka njiani kwamba ameacha maziwa jikoni. Nitawaambia sababu, ila msinicheke mapema.

Miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu tulikuwa tukiishi Al Nahda, huko Uarabuni, orofa ya saba, nyumba moja na Bi Salma wa Unguja: sisi chumba chetu, yeye chake, jiko la wote. Nilikuwa darasa la sita, mtoto wa ndani hasa. Wenzangu wakishuka kucheza, mimi nimelala kifudifudi kwenye zulia chini ya AC. Kwa hiyo Mama aliporudi kutoka likizo Mombasa na kichupa cha mbegu za papai la Bibi, mama yake mzazi, alinikabidhi mimi nizipande roshanini. Nikasema inshallah. Kichupa nikakitia kwenye droo ya soksi, na inshallah yangu ikalala humo mwaka mzima.

Mwaka uliofuata Bibi akafariki, na mpapai wake ukakatwa ili mjomba ajenge chumba. Mama akawa anashinda roshanini. Hapo ndipo nikashtuka kwamba mbegu za papai lile, zote zilizobaki duniani, zilikuwa kati ya soksi zangu. Nikafukia tano kwenye ndoo ya oili ambayo Baba aliileta kutoka Ras Al Khor, alikokuwa akiuza vipuri vya magari. Ukaota mche mmoja. Mama hakuuliza mbegu zilikuwa wapi siku zote hizo, nami nikajiona mjanja.

Ujanja ulidumu mpaka Bi Salma alipoukagua mche. Akasema tuombe Mungu mbegu iwe ilipandwa mbichi, maana iliyokaa sana hutoa dume, na dume halizai. Baba akapinga: mbegu mpya ndiyo yenye fujo za kiume, iliyokaa imeshatulia, hutoa jike. Wakabishana mpaka wali ukaungua. Mimi peke yangu ndiye niliyejua umri wa mbegu, na sikujua mwaka mmoja kwa mbegu ni utoto au uzee. Kwa hesabu ya Bi Salma, nilikuwa nimemnyima Mama papai la mama yake. Kwa hesabu ya Baba, uvivu wangu ulikuwa busara. Miezi ile nilimpenda Baba kupita kiasi.

Maua yakatoka yakining'inia kwenye vikonyo virefu kama hereni. Dume. Bi Salma hakukata tamaa. Kwao, alisema, dume hupigiliwa msumari shinani, likaogopa, likageuka jike. Baba akaleta msumari wa kazini na nyundo. Mama akamnyang'anya nyundo.

"Khalas, basi," alisema. "Uacheni mti wangu hivyohivyo."

Akainamia maua akanusa, macho kafumba, muda mrefu. Mimi nikajua hiyo ndiyo huzuni niliyomsababishia, nikarudi kwenye zulia langu.

Juzi, mtu mzima na akili zangu, nikasoma mahali kwamba umri wa mbegu hauna neno. Udume au ujike huwa umeshaamuliwa mbegu ikiwa bado ndani ya tunda. Nikampigia Mama simu nikaungama yote, pamoja na soksi.

Akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, kwani hizo soksi nani alikuwa akizipanga?"

Alikiona kichupa wiki ile ile aliyofiwa, akakirudisha palepale. Nikamuuliza kwa nini basi hakuzipanda mwenyewe, au hata kunigombeza.

"Zikipandwa zinakwisha," akasema. "Sikuwa tayari ziishe."

Akaniambia kichupa bado anacho, zimo mbegu kumi na tatu, na nisithubutu kuzigusa. Nilikata simu, na mpaka sasa sijui nishike lipi: kama nilimkosea kwa kuchelewa kupanda, au siku ile nilipopanda.